Je, Wajua? Chembe za Nano na Ubongo Uliojeruhiwa

Je, wajua kwamba kiharusi kinapoziba mshipa mkubwa wa ubongo na mgonjwa asipate tiba, nyuroni (seli za neva) milioni 1.9 hufa kila dakika? Hesabu hiyo aliipiga daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles mwaka 2006. Katika dakika hiyo hiyo hupotea pia viungio bilioni 14 ambavyo seli hutumia kupashana habari, pamoja na kilomita 12 za nyuzi za neva. Ikipita saa nzima, ubongo unakuwa umezeeka kwa miaka 3.6. Ndiyo maana kumlaza nyumbani mgonjwa aliyepinda mdomo ghafla, eti apumzike kwanza, ni jambo la hatari mno.

Na nyuroni zote ni ngapi? Vitabu vingi vya zamani vilisema bilioni 100. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, waliuvunjavunja ubongo mpaka ukawa kimiminika, wakahesabu viini vya seli vilivyoelea humo. Walipata takriban bilioni 86.

Je, wajua kwamba tiba za kiharusi tulizonazo hufungua njia ya damu tu? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplase, iliidhinishwa Marekani kwa kiharusi mwaka 1996. Kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, tena baada ya CT scan kuhakikisha kwamba ubongo hauvuji damu. Kwa baadhi ya wagonjwa, donge la damu linaweza kuvutwa nje kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, hata baada ya saa kadhaa zaidi, mpaka 24. Tiba zote mbili huokoa seli zinazoelekea kufa. Zilizokwisha kufa hazirudi.

Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika eneo moja la Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010, ulionyesha ukubwa wa tatizo hili kwetu. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 315.9. Kiwango hicho cha Dar kilizidi cha nchi nyingi tajiri, na presha isiyotibiwa ni miongoni mwa sababu kubwa. Ongeza hapo vijana wanaopasuka vichwa kwenye ajali za bodaboda. Kwa hiyo habari za maabara za Chicago au Toronto zinatuhusu moja kwa moja, hata kama tiba yenyewe bado iko mbali.

Je, wajua kwamba mtaalamu mashuhuri kuliko wote wa seli za neva aliamini kuwa ubongo wa mtu mzima hauwezi kujijenga upya? Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliona kwa darubini yake kwamba nyuzi zilizokatwa ndani ya ubongo huchipua kidogo kisha hukwama na kunyauka. Alichokiona kilikuwa kweli. Sababu yake ndiyo iliyochukua miaka mingi kujulikana.

Mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakipandikiza kiwe daraja kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo. Nyuzi za neva za ubongo, zile zile zilizodhaniwa hazina uwezo, zikakua ndani ya daraja hilo kwa takriban sentimita 3. Zilipofika mwisho wa daraja na kukutana tena na tishu ya uti wa mgongo, zikasimama. Kwangu mimi hili ni mojawapo ya majaribio mazuri kabisa katika historia ya tiba: lilionyesha kwamba nyuroni yenyewe haijapoteza nguvu ya kukua, ila mahali ilipo panaikataza. Baadaye Martin Schwab wa Zurich alionyesha mojawapo ya makatazo hayo, protini iitwayo Nogo-A, iliyomo katika ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva. Katazo jingine ni kovu linalojengwa na seli za glia kuzunguka jeraha. Kovu hilo huzuia uharibifu usisambae, na papo hapo huzuia nyuzi mpya zisipite.

Je, wajua kwamba majaribio ya mabomu ya nyuklia yalisaidia kujua umri wa seli za ubongo? Milipuko ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliongeza kaboni-14 hewani, ikaingia katika chakula na hatimaye katika chembe za urithi za kila seli iliyozaliwa wakati ule. Kundi la Jonas Frisén, Sweden, lilitumia alama hiyo kusoma tarehe ya kuzaliwa kwa nyuroni. Mwaka 2013 lilikadiria kwamba katika hipokampasi, eneo la kumbukumbu, nyuroni mpya zipatazo 700 huzaliwa kila siku hata kwa watu wazima. Mwaka 2018 kundi jingine, la California, likachunguza ubongo wa watu wazima kwa njia tofauti na halikuziona kabisa. Mjadala haujafungwa. Ila kundi la Frisén lilipopima gamba la ubongo la watu waliowahi kupata kiharusi, halikukuta nyuroni mpya zilizojaza pengo. Hapo hatuna budi kusaidiwa, na msaada mmoja unaotafutwa ni wa chembe za nano.

Je, wajua nanomita ni kiasi gani? Ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Chembe za mafuta zilizobeba chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilikuwa na upana wa nanomita kama 100, kwa hiyo baadhi yetu tayari tumechomwa dawa ya nano begani. Dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa Marekani, Doxil ya saratani, ilianza kutumika mwaka 1995.

Kuingia begani ni rahisi, lakini kuingia kichwani ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 1885 Paul Ehrlich wa Ujerumani aliwadunga wanyama rangi kwenye damu. Alipowapasua, viungo karibu vyote vilikuwa vimeloa rangi ila ubongo, ambao ulibaki mweupe. Ehrlich alifikiri kwamba tishu ya ubongo haipendi rangi hiyo. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann aligeuza jaribio mwaka 1913: alidunga rangi moja kwa moja kwenye kimiminika kinachozunguka ubongo, na safari hii ubongo ndio uliopata rangi, mwili uliobaki ukawa safi. Palikuwa na ukuta, basi. Seli zinazotandika kuta za ndani za kapilari za ubongo zimebanana kiasi kwamba, kwa makadirio yanayonukuliwa sana, zaidi ya asilimia 98 ya dawa za molekuli ndogo hazipiti.

Je, wajua kwamba sabuni ya chakula iliwahi kuufungua ukuta huo? Jörg Kreuter wa Frankfurt alichukua chembe za nano zilizobeba dawa ya maumivu iitwayo dalargin, ambayo peke yake haivuki kwenda ubongoni. Akazipaka polysorbate 80, kemikali ya kuchanganya mafuta na maji inayotiwa hata kwenye aiskrimu. Mwaka 1995 alionyesha kwamba panya waliodungwa chembe hizo walipungukiwa na maumivu, maana yake dawa ilifika. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mipako hiyo huvuta protini za damu zinazobeba kolesteroli, na seli za ukutani huzipokea chembe zikidhani ni mzigo wao wa kawaida wa mafuta.

Jeraha la kichwa hulegeza ukuta huo lenyewe. Maabara ya Sarah Stabenfeldt, Arizona, ilijaribu chembe za ukubwa wa nanomita 20, 40, 100 na 500 kwa panya waliogongwa kichwa. Katika saa za mwanzo hata zile kubwa zilinasa kandokando ya jeraha. Kisha nafasi hujifunga. Kwa hiyo mbio dhidi ya saa hazikwepeki hata hapa.

Je, wajua kwamba hamsta waliokatwa njia ya macho waliwahi kuona tena? Hili nalitaka tukae nalo kidogo. Mwaka 2006 Rutledge Ellis-Behnke, Gerald Schneider na wenzao wa MIT na Hong Kong walikata, ndani kabisa ya ubongo wa hamsta, njia inayopeleka habari kutoka jichoni. Mnyama akawa haoni upande huo. Wakamwagia kwenye mkato tone la kimiminika angavu kama maji. Ndani yake kulikuwa na kipande kifupi cha protini chenye asidi amino 16 tu, aina tatu zikijirudia kwa mpango maalumu. Vipande hivyo vikikutana na chumvi ya mwilini hujipanga vyenyewe kuwa nyuzi za nano, na nyuzi hizo hufumana kuwa jeli inayojaza pengo bila kuacha mwanya. Akzoni, yaani nyuzi ndefu za nyuroni, zikapita humo, kama mche wa kunde unavyokwea mti uliosimikwa kando yake, mpaka upande wa pili.

Kisha ukaja mtihani wenyewe: chakula kililetwa taratibu kutoka upande wa jicho lililopofuka. Hamsta wasiotibiwa hawakugeuka. Kati ya hamsta wakubwa waliopata jeli, robo tatu waligeuza kichwa na kukifuata. Jeli yenyewe ikavunjika kuwa asidi amino za kawaida, mwili ukazitumia. Na jambo ambalo halikutarajiwa: kimiminika hicho hicho kilisimamisha damu ndani ya sekunde chache. Leo kipande hicho cha protini kimo katika bidhaa ambayo madaktari wa Ulaya huimwaga juu ya vidonda vya tumbo na utumbo vinavyovuja damu wakati wa uchunguzi wa kamera. Kimefika kwa binadamu kwa mlango wa tumbo kabla ya kufika kwa mlango wa ubongo.

Je, wajua kwamba mwendo wa molekuli una maana? Samuel Stupp wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, hutengeneza nyuzi za nano zenye alama mbili za kuamsha seli: moja huhimiza akzoni zikue, nyingine husaidia mishipa ya damu na seli nyingine kustawi. Mwaka 2021 timu yake ilionyesha kwamba nyuzi ambazo molekuli zake hucheza kwa kasi zaidi ziliamsha seli vizuri zaidi, pengine kwa sababu alama inayotikisika hukutana na kipokezi mara nyingi kuliko iliyotulia. Panya waliovunjwa uti wa mgongo walidungwa mara moja tu, saa 24 baada ya jeraha, na ndani ya wiki nne walikuwa wakitembea. Dawa ilikuwa imevunjika na kutoweka kufikia wiki ya 12. Ulikuwa uti wa mgongo, bado haujawa ubongo, na nasisitiza hilo kwa sababu vichwa vya habari vilisahau kulitaja.

Kwa kiharusi hasa, kazi iliyonigusa zaidi ni ya Tatiana Segura na Thomas Carmichael, waliyoianza wakiwa wote Los Angeles, ikachapishwa mwaka 2018. Sehemu iliyokufa kwa kiharusi huoza na kuondolewa na mwili, ikaacha shimo. Wengine waliliona shimo hilo kuwa ushahidi wa kushindwa. Wao waliona ni mahali pa kudungia dawa bila kubana tishu hai ya jirani. Wakalijaza jeli ya asidi hailuroniki, ambayo ni sehemu ya asili ya ubongo, wakaichanganya na chembe za nano za heparini zilizobeba kichocheo cha kuotesha mishipa ya damu. Panya walidungwa siku tano baada ya kiharusi. Kwa kawaida shimo hilo hubaki tupu au kuzibwa na kovu, lakini humo ikaota mishipa ya damu, na nyuma ya mishipa zikaja akzoni. Baada ya wiki 16 panya walitumia miguu yao vizuri zaidi kuliko wenzao wasiopata jeli. Damu ilitangulia, neva zikafuata.

Huko Toronto, Molly Shoichet na wenzake hawapendi kuchoma sindano ndani ya ubongo. Wao huweka jeli juu ya uso wa ubongo, chini ya fuvu, na chembe ndogo ndani yake huachia vichocheo viwili kwa zamu: cha kwanza kuongeza seli shina za panya mwenyewe, cha pili kuzuia zisife.

Madini ya seriamu (cerium), yaliyomo kwenye jiwe la kiberiti cha gesi, nayo yamo katika utafiti huu. Taeghwan Hyeon na wenzake wa Seoul walionyesha mwaka 2012 kwamba chembe za nano za oksidi ya seriamu hunasa kemikali zenye sumu zinazozaliwa damu inapokatika na kurudi, na hupunguza eneo la ubongo linalokufa kwa panya.

Je, wajua kuhusu sungura wa Kannan? Mwaka 2012 Sujatha Kannan, daktari wa watoto, na mumewe Rangaramanujam, mhandisi wa dawa, walichapisha jaribio la sungura waliozaliwa na ulemavu unaofanana na mtindio wa ubongo, baada ya mama zao kupata uvimbe tumboni wakati wa mimba. Watoto hao huzaliwa wakiwa wamekakamaa miguu, hawawezi kuruka. Dawa iliyotumika ni N-asetilisistini, ile ile inayookoa ini la mtu aliyemeza paracetamol kupita kiasi. Ila safari hii ilifungwa kwenye dendrima, molekuli ya matawi yenye upana wa nanomita chache tu. Katika ubongo wenye afya dendrima hizo hupita tu. Penye uvimbe humezwa na maikroglia na astrosaiti, seli zile zile zinazoendesha uharibifu. Walidungwa siku ya kuzaliwa, na kufikia siku ya tano walikuwa wakitembea na kuruka karibu sawa na sungura wazima. Dawa hiyo hiyo bila dendrima, hata kwa dozi mara 10 zaidi, haikufanya hivyo.

Dendrima hizo zimeshaingia mwilini mwa binadamu pia: wagonjwa 24 mahututi wa UVIKO-19 walishiriki jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2022, kwa ajili ya kutuliza uvimbe mkali.

Kuna pia chembe ambazo hakuna aliyezitengeneza. Seli shina hutoa vifuko vya nanomita 30 hadi 150 viitwavyo eksosomu. Michael Chopp na wenzake wa Detroit walionyesha mwaka 2013 kwamba kuwadunga panya vifuko hivyo peke yake, bila seli shina zenyewe, kulisaidia kupona baada ya kiharusi.

Je, wajua kwamba kugeuza kovu kuwa nyuroni ni ndoto inayobishaniwa vikali? Gong Chen, aliyekuwa Pennsylvania kisha Guangzhou, China, alitumia virusi visivyo na madhara, vyenye upana wa nanomita kama 25, kupeleka jeni ya NeuroD1 ndani ya astrosaiti za panya, seli za glia zinazojenga kovu. Mwaka 2020 alitangaza kwamba seli hizo ziligeuka nyuroni na kurudisha kama theluthi ya zilizokufa kwa kiharusi. Mwaka uliofuata Chun-Li Zhang na wenzake wa Dallas waliziwekea astrosaiti alama ya kudumu kabla ya kuanza, ili zifuatiliwe popote ziendako. Nyuroni zilizong'aa mwishoni hazikuwa na alama hiyo. Zilikuwa nyuroni za zamani ambazo virusi viliziingia bila kukusudiwa. Chen hakukubaliana nao. Mimi naona kundi la Dallas lilitusaidia sana sote, kwa sababu mgonjwa anayengoja ana haki ya kujua kama nyuroni mpya ni mpya kweli.

Na je, wajua kwamba ini humeza chembe nyingi kabla hazijafika popote? Ini na wengu ndiyo kazi yao. Katika saratani, mapitio ya mwaka 2016 ya Warren Chan wa Toronto yalikuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi ndiyo hufika kwenye uvimbe. Ubongo, wenye ukuta wake, ni mgumu zaidi kufikika.

Mwaka 2006 watafiti walihesabu dawa na mbinu 1,026 zilizowahi kujaribiwa kulinda ubongo dhidi ya kiharusi. Nyingi ziliwafaa wanyama. Kati ya hizo, 114 zilijaribiwa kwa binadamu, na matokeo yakavunja moyo. Ubongo wa panya mdogo una uzito wa gramu 0.4 na nyuroni kama milioni 71, wetu una takriban kilo 1.4. Akzoni inayotakiwa kukua milimita chache kwa panya ingetakiwa kukua sentimita nyingi kwa mtu. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuuzia dondoo au sindano ya nano ya kuotesha upya ubongo wa mzee wako, mwambie hapana. Hakuna hospitali yenye tiba hiyo iliyothibitishwa, ya Dar, ya Nairobi wala ya Boston.

Je, wajua, mwisho, kwamba nyuzi zikishaota huhitaji kufundishwa, tena kwa mpangilio? Mwaka 2014 kundi la Schwab liliwapa panya wenye kiharusi kingamwili inayozuia Nogo-A, pamoja na mazoezi makali ya mkono uliopooza. Waliopewa kingamwili kwanza, nyuzi zikaota, ndipo wakaanza mazoezi, walirudisha sehemu kubwa ya ustadi wa kushika chakula. Waliopewa vyote kwa wakati mmoja walipona kidogo kuliko hao, na nyuzi zao mpya zilikuwa zimeota ovyo, zikiunganika mahali pasipotakiwa.